Kipa wa Pili Anadaiwa Nini?

Kabla ligi haijaanza, Kisii haina mashabiki. Ina makocha tu. Panda matatu ya Nyamira kuja mjini, na kabla makanga hajamaliza kukusanya nauli utakuwa umeshapewa kikosi kizima cha Shabana cha msimu mpya, kuanzia kipa hadi straika, pamoja na majina ya watu wawili watatu ambao, kwa maoni ya abiria wa kiti cha nyuma, hawafai hata kubeba mipira ya mazoezi. Mimi pia ni kocha wa aina hiyo. Sijawahi kufundisha hata timu ya watoto, lakini maoni ninayo.

Mwaka huu nimesikiliza kuliko nilivyobishana, na kuna neno moja nimelisikia mpaka likaanza kunikwaruza. Neno lenyewe ni roho. "Huyu kijana ana roho ya timu." "Yule ni mzuri, lakini hana roho." Nikiuliza roho hiyo inapimwa vipi, jibu huwa lile lile: alipowekwa benchi alinuna, au alipowekwa benchi alinyamaza akapiga makofi. Yaani tabia njema ya mchezaji, kwa hesabu zetu za matatu, ni kukubali nafasi aliyopewa bila kelele. Anayeanza mechi haulizwi habari za roho hata siku moja. Roho inadaiwa kwa aliyekaa.

Na hakuna anayedaiwa kama kipa wa pili. Straika wa akiba ana matumaini yake; dakika ya 70, timu ikiwa nyuma, kocha atageuka amtafute. Kiungo wa akiba ataingia mwenzake akichoka. Lakini kipa hachoki namna hiyo, na hakuna kocha anayebadilisha kipa ili apate miguu mipya. Kipa wa pili huamka alfajiri kama wenzake, hujirusha kwenye matope kama wenzake, hupigiwa mashuti na straika anayejaribu viatu vipya, kisha siku ya mechi inafika, anavaa glavu, anampasha mwenzake joto, anaenda kukaa. Ligi yetu kuu ina mechi 34 kwa msimu. Anaweza kukaa zote 34. Ili apate nafasi, lazima mwenzake aumie, apewe kadi nyekundu, au aharibu. Hebu fikiria kazi ambayo riziki yako inangoja msiba wa rafiki yako, halafu unaambiwa uwe na roho safi.

Tunamdai nini mtu huyo, na kwa haki gani?

Kuna watakaosema huu ni mpira tu. Hao si wa hapa. Shabana ilianzishwa mwaka 1980, na iliposhuka daraja mwaka 2006 mimi nilikuwa bado naenda shule ya msingi pekupeku. Ilirudi ligi kuu mwaka 2023. Miaka 17. Kuna watu walioa, wakazaa, wakapeleka watoto shule ya upili, wote wakingoja. Ukisikia "Tore Bobe" ikipigwa pale Gusii Stadium, ndani yake kuna hiyo miaka 17 yote. Kwa hiyo tunajiona mabingwa wa kungoja, na nadhani ndiyo maana hatuna huruma na mchezaji asiyetaka kungoja. Sisi tulingoja, kwani yeye ni nani? Lakini hesabu hizi mbili hazifanani. Shabiki akingoja miaka 17 anabaki shabiki, tumbo tu ndilo limeongezeka. Mchezaji akingoja miaka minne amekula theluthi ya maisha yake ya mpira, na hakuna atakayemrudishia.

Kisa ninachokitumia kila tukibishana ni cha Uholanzi, Kombe la Dunia la 2014, robo fainali dhidi ya Costa Rica mjini Salvador, Brazil. Dakika 120 bila bao. Muda wa nyongeza ukiwa unakatika, kocha Louis van Gaal akamtoa kipa wake wa kwanza, Jasper Cillessen, akamwingiza Tim Krul, ambaye hakuwa amecheza hata dakika moja ya mashindano hayo. Krul aliingia kwa ajili ya penalti tu. Akaokoa mbili, ya Bryan Ruiz na ya Michael Umaña, na Uholanzi wakapita kwa 4-3.

Watu wengi wanakikumbuka kisa hiki kama hadithi ya ujanja wa kocha. Mimi huwa namtazama Cillessen akitoka uwanjani, akipiga chupa teke. Krul alikuwa ameambiwa mapema kwamba mambo yakifika penalti ataingia. Cillessen hakuambiwa kitu. Van Gaal alieleza baadaye kwamba hakutaka kumvuruga kabla ya mechi. Halafu Cillessen akaomba radhi kwa ajili ya ile hasira. Ndiyo, kati ya wote waliohusika, yeye ndiye aliyeomba radhi.

Hapo ndipo mimi na wenzangu wa matatu huwa tunaachana. Wao wanasema kocha alikuwa sahihi, matokeo si hayo? Nakubali kwamba kuhusu penalti alikuwa sahihi. Krul ni mrefu zaidi, mikono yake inafika mbali, na Cillessen hakuwa na sifa ya kuokoa penalti. Ningekuwa van Gaal ningefanya mabadiliko hayo hayo. Lakini kuchagua vizuri ni jambo moja, na kumtendea mtu haki ni jambo lingine, hata kama yote mawili yanafanyika dakika ile ile. Kocha alihitaji kitu kutoka kwa Cillessen, saa mbili za akili iliyotulia, na akakipata kwa kumficha. Sisi tuliokuwa mbele ya televisheni tukamtazama mtu aliyefichwa tukauliza kwa nini hana roho.

Siku nne baadaye ilikuwa Argentina, nusu fainali, 0-0 tena. Safari hii van Gaal alikuwa amemaliza mabadiliko yake yote matatu. Cillessen akabaki langoni, hakuokoa hata moja, wakatolewa kwa 4-2. Fikiria vile alivyosimama pale kwenye mstari, huku dunia nzima, pamoja na wapigaji wa Argentina, ikiwa imeshaona kwamba kocha wake mwenyewe hamwamini kwa kazi hiyo. Siku ya Costa Rica tuliona faida ya siri ile. Siku ya Argentina bei yake ililipwa na mtu mmoja.

Sisi watu wa Gusii tuna mfano wetu, wa zamani kuliko huo, na nashangaa hautajwi kwenye mabishano. Munich, Septemba 1972. Kenya ilishinda dhahabu ya mbio za kupokezana kijiti, mita 400 mara nne, kwa dakika 2:59.83. Wakimbiaji walikuwa Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, kwa mpangilio huo. Watatu wa kwanza ni wana wa Gusii. Anayekumbukwa zaidi ni wa nne, Sang wa Nandi, akimpita Karl Honz wa Ujerumani Magharibi katika mzunguko wa mwisho. Inaeleweka. Jicho hupenda mwisho.

Sasa mtazame Asati. Miaka minne kabla, Mexico City 1968, Kenya ilipata fedha katika mbio hizo hizo: Daniel Rudisha akaanza, Nyamau akafuata, Naftali Bon wa tatu, Asati akamaliza. Anayemaliza ndiye anayepasua hewa ya mwisho, ndiye jina ambalo mtangazaji analipigia kelele. Kisha mwaka 1970, kule Edinburgh, Asati akawa bingwa wa Jumuiya ya Madola wa mita 400. Mtu wa cheo hicho, alipofika Munich akapangwa aanze. Ukiuliza Sang alipewaje nafasi ya mwisho, jibu lipo: siku chache kabla alikuwa ametoka kuchukua shaba ya mita 400. Yeye ndiye aliyekuwa moto. Asati akaanza, akatoa kijiti, na mwaka 1974 kule Christchurch akatetea taji lake la Madola. Ouko naye alikuwa bingwa wa Madola wa mita 800, na alikuwa wa tano katika fainali ya mita 800 hapo hapo Munich. Akakimbia wa tatu, nafasi ambayo hata wapenzi wa riadha huisahau. Nyamau alikuwa wa pili Mexico na wa pili tena Munich. Miaka minne, katikati ile ile.

(Kuna jambo hapa huwa linanifurahisha. Fedha ya 1968 ilikimbiwa kwa 2:59.64, yaani haraka kuliko dhahabu ya 1972. Wamarekani wa Mexico walikuwa wa sayari nyingine. Wale wa Munich hawakukimbia fainali kabisa: wawili walifungiwa kwa sababu ya vile walivyosimama jukwaani wakati wa kupewa medali za mita 400, na mwingine alikuwa ameumia, kwa hiyo timu haikutimia. Mtu anaweza kufanya kazi yake vizuri zaidi akapata kidogo, akaifanya chini kidogo akapata kikubwa. Lakini hayo ni mabishano ya siku nyingine.)

Ninachouliza ni kwa nini, tukiwataja Asati na Nyamau, hatuhitaji kuwasifu kwa roho zao. Hatusemi "Nyamau alikubali kwa unyenyekevu kukimbia wa pili." Ingekuwa kama matusi. Na nafikiri ni kwa sababu ya vile mbio zenyewe zilivyotengenezwa. Kijiti lazima kipite mkononi mwa kila mmoja. Muda wa timu ni jumla ya miguu minane. Huwezi kuutoa mzunguko wa Nyamau ubaki na 2:59.83. Medali ni nne na zote ni dhahabu, hakuna iliyo ndogo kwa ajili ya wa katikati. Nafasi ni tofauti, sifa za redioni ni tofauti, lakini hesabu ya mwisho inamtambua kila mmoja. Kwa timu ya namna hiyo, roho nzuri haihitaji kuhubiriwa. Inakuja yenyewe, au isipokuja, mtu anakimbia tu na roho yake mbaya na bado analipwa sawa.

Kipa wa pili hana kijiti. Hapo ndipo penye ugumu.

Wamarekani wana besiboli, mchezo ambao ukinisikia nikiuzungumzia stegi utadhani nimeishi Chicago. Nimeutazama kwa simu tu, usiku, bando ikiruhusu. Kinachonivuta ni warushaji. Timu moja inakuwa nao kumi na zaidi, na kabla ya msimu kuanza kazi kubwa ya kocha ni kuwagawia zamu. Wapo wa kuanza, kila mmoja baada ya siku nne au tano, maana mkono unahitaji kupumzika. Wapo wa kupokea katikati, mwanzilishi akichoka. Na yupo mmoja anayewekwa mpaka mwisho kabisa, aje kufunga mlango timu ikiwa mbele kidogo. Kukaa ni sehemu ya kazi ya kila mmoja wao, hata ya nyota. Nyota wa kuanza hukaa siku nyingi kuliko anazorusha, na hakuna anayeuliza roho yake iko wapi.

Jirani zetu Waganda wanaucheza mchezo huu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania; mwaka mmoja kabla, watoto wa Kampala walikuwa wamefuzu wakanyimwa viza. Lugazi walipata ushindi mmoja, 3-2 dhidi ya watoto wa Gresham, Oregon. Lakini mimi nilibaki kwenye sheria za mchezo. Mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akifikisha 66 lazima apumzike siku nne. Hata kama ni yeye pekee anayewaweza wapinzani. Hata kama ni mechi ya maisha. Kocha atamtoa, atamweka mwingine asiye mkali kama yeye, na wazazi wote kwenye viti wanajua kwa nini. Yaani kuna watu walikaa wakaamua kwamba mkono wa mtoto hauwezi kuachiwa hamu ya kocha ya kushinda, na wakaamua kabla mechi haijaanza, wakati hakuna aliyekuwa na presha.

Huku kwetu jambo hili tunalijua vizuri. Ni vile tu hatujalipeleka uwanjani. Wazee walikuwa nalo kwenye risaga: leo majirani wote wanalima shamba lako, kesho la mwenzako, na aliyelimiwa leo hawezi kuamka kesho na kusema mgongo unauma. Akina mama wanalo kwenye chama. Watu kumi na wawili, kila mwezi kila mmoja anatoa, na mmoja anabeba. Mnaokota vikaratasi vyenye namba kujua nani atangulie. Sasa mfikirie aliyeokota namba 12. Mwaka mzima anatoa na hapokei. Anawaona wenzake wakinunua mabati, wakinunua ng'ombe, yeye anapiga makofi. Huyo ndiye kipa wa pili. Mbona yeye hanuni?

Kwa sababu kuna daftari. Mweka hazina ameandika kila alichotoa, na jina lake liko kwenye mstari wa Desemba, na wote wameliona. Ukiniuliza, huyo mama hana roho nzuri kuliko yule kijana wa benchi. Ana daftari. Na sisi tunamtaka mchezaji awe na subira ya mama wa chama huku tukimnyima kitu kinachoiwezesha subira hiyo.

Niliyasema haya kwa mzee mmoja pale stegi, shabiki wa Shabana tangu miaka ya themanini, mtu ambaye hasira zake kuhusu usajili hujulikana mpaka Keroka. Akacheka mpaka akashika kofia. "Kijana wangu, timu si chama. Wewe zungusha makipa kama chama, utafungwa saba, halafu uje hapa uniletee daftari."

"Ni kweli, mzee," nikamwambia, na ni kweli. Mabeki wanahitaji kuizoea sauti moja nyuma yao. Anayeanza lazima aanze kwa sababu anafaa, si kwa sababu Jumapili hii ni zamu yake. Ukitaka haki ya risaga kwenye goli utaharibu goli, na hata huyo kipa wa pili hatakushukuru, kwa sababu yeye pia anataka kuwa katika timu inayoshinda. Sidai kwamba kila nafasi iwe zamu.

Lakini daftari halihitaji kuzungusha mtu. Daftari ni kumwambia mapema, kabla msimu haujaanza, na ana kwa ana: wewe ni wa pili, na sababu ni hii, na ukitaka kunipindua mawazo nitaangalia kitu hiki na hiki. Ni kutomfungia mlango timu nyingine ikimtaka, kwa kisingizio kwamba tunamhitaji, wakati tunachohitaji ni kumweka tu pale kama jembe la akiba. Bonasi ya ushindi ikitoka, apate kama waliocheza, kwa sababu yale mashuti yaliyomnoa kipa wa kwanza wiki nzima hayakupigwa hewani. Na kama siku moja kocha atamtoa kwa ajili ya penalti, au atamwingiza, wote wawili wajue. Baada ya hapo, akinuna, ndiyo, mwambieni hana roho. Nitasaidia kumwambia.

Nimeandika kurasa hizi zote kuhusu kipa kwa sababu kuna kipa mwingine ninayemfikiria.

Nyumbani kwetu, upande wa Nyamira, tuko watatu. Dada yangu ndiye wa kwanza. Alipata C+ kwenye KCSE, alama ya kuingia chuo kikuu, lakini mwaka ule pesa haikuwepo, akaambiwa angoje. Akangoja mwaka, akangoja wa pili, kisha mimi nikapata B. Majani chai ya nyumbani yalikuwa yanaweza kulipa karo ya mmoja, kwa kujikaza. Nikaanza mimi. Hakuna aliyekaa chini akasema, dada yako atabaki. Mambo yalikwenda tu, vile maji yanavyoteremka. Yeye akawa wa kuchuma majani alfajiri na kupeleka ndizi soko la Daraja Mbili, na pesa ikawa inanifuata chuoni. Mwaka wangu wa pili baba akaugua, pesa ya karo ikawa ya hospitali, nikarudi. Baba alipona. Mimi nikaanza kuandika, na siku hizi nalipwa kwa kuandika, si sana.

Tangu hapo kila mtu kijijini husema dada yangu ana roho safi. Mama husema. Majirani husema. Mchungaji alisema mbele ya kanisa zima, na watu wakamgeukia wakatabasamu. Ni kweli anayo. Lakini nimeiona sifa hiyo ikifanya kazi nyingine chini kwa chini: inafunga hesabu. Mtu akishaambiwa ana roho safi mbele ya watu, siku atakayouliza "na mimi je?" ataonekana yeye mwenyewe ameichafua.

Sasa mdogo wetu amemaliza kidato cha nne na ameitwa chuo. Bonasi ya chai itaingia Oktoba. Dada ana miaka 29, na mwezi wa sita, tukiwa tunamenya viazi jikoni, alisema kwa mara ya kwanza kwamba angependa kusomea uuguzi, diploma tu. Alisema vile mtu anavyosema mvua itanyesha. Baba alikuwa mlangoni. Akamjibu kwa upole kabisa: "Mama" (humwita hivyo kwa kuwa alirithi jina la nyanya yetu), "mwachie mdogo wako atangulie. Wewe umekuwa na roho siku zote."

Baba si mtu mbaya, na huenda hesabu yake ni sahihi kama ya van Gaal. Kijana wa miaka 18 mwenye barua ya chuo mkononi, ukimchelewesha unaweza kumpoteza. Kisii mjini imejaa vijana waliocheleweshwa. Mdogo wetu mwenyewe hana kosa lolote, na anafaa. Pengine hata nikipewa mimi niamue, nitaamua hivyo hivyo kwa Oktoba hii. Ninachokataa ni ile sentensi ya pili ya baba. Kwa sababu ukiniuliza Oktoba ya mwaka kesho imeandikwa jina la nani, hakuna aliyeandika. Wala iliyofuata. Dada yangu yuko kwenye chama ambacho namba zake hazikuwahi kuokotwa, na anasifiwa kila mwezi anapotoa.

Kikao cha familia ni Jumapili ijayo. Nimenunua daftari la kurasa 96, nikamwomba anitajie: nini kilitoka, lini, kwenda kwa nani. Mwanzoni alikataa. "Ya nini? Hayo yalipita." Nikamwambia ni ya kikao, baba aone. Akaendelea kupanga ndizi kwa muda mrefu, mpaka nikafikiri mazungumzo yameisha. Kisha akaanza, bila kuniangalia. Pesa ya kwanza, ya kujiandikisha chuoni, na mbuzi wawili waliouzwa kuikamilisha. Godoro langu. Nauli ya Januari. Kodi ya chumba, miezi minne, kila mwezi na kiasi chake, na siku aliyoituma. Hakuwa akikumbuka kwa kutafuta; alikuwa akisoma mahali fulani ambapo mimi sikuwahi kuona.

Tumefika semesta ya tatu. Kuna mikungu 12 ya Desemba ambayo anasema bei yake siku hiyo ilikuwa mbaya sana, sokoni kulikuwa kumejaa ndizi. Nikamuuliza kama tuiandike kwa bei nzuri. Akasema hapana, andika bei ile ile.